Geji za Sanduku

Dereva alikuwa mbishi. Naanza hapo kwa makusudi, maana siku hizi pale Shinyanga wanaomkumbuka humsema kama malaika, na malaika hakuwa. Alibishana na matrafiki, alibishana na mvua, alibishana na mkewe juu ya chumvi ya mboga ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuila na sahani akairamba. Lakini ubishi wake uliotuchosha kuliko wote ulikuwa juu ya geji za gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa vani ya zamani, mwili wa bati, limefungwa pande zote, ndiyo maana watu wakaliita Sanduku. Nyuma alipachika mabenchi ya mbao, na mbele tulienea watatu tukibanana. Lilitoka Shinyanga, likapita Kahama, likakata kwenda Kharumwa hadi Geita, na samaki wakipatikana lilifika mpaka Nkome kuwafuata wachuuzi wa dagaa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, na mama yangu aliishi Kharumwa, basi kila shule zikifungwa nilipanda Sanduku. Nilikaa mbele, katikati, magoti yangu yakigusa dashibodi. Ndiyo maana nazijua zile geji kuliko ninavyowajua baadhi ya shemeji zangu.

Zilikuwa tatu. Ya mwendo, kubwa, katikati. Ya mafuta kushoto, ya joto la maji kulia. Vioo vyake vilishakuwa vya njano kama meno ya mnusa ugoro, na Dereva mwenyewe alinusa ugoro, kwa hiyo walifanana. Mengine yote kwenye gari lile alikwisha kuyabadilisha. Injini ilikuwa ya gari jingine, milango ilitoka kwa jamaa mmoja wa Nzega, viti vilikuwa vya lori, na honi ilikuwa na sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Hakuona uchungu kung'oa chochote. Ila ukimwambia Dereva, hizi geji zimechoka, tafuta nyingine, ungedhani umemtukania mzazi.

Sababu ilikuwepo, na hakuificha. Kabla ya kulinunua gari alikuwa akiliendesha kwa ajira, la Muhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Dereva wakati huo hakujua kusoma hata a. Muhindi yule, mtu mwenye subira, akamwonyesha alama za kwenye vioo: E mafuta yamekwisha, F yamejaa, C maji ni baridi, H maji yanachemka. Maneno ya kizungu hayakumkaa kichwani, basi akajitungia yake. E ikawa Ee Mungu. F ikawa Furaha. C ikawa Chapa mwendo, na H ikawa Hatari. Na miaka hiyo hazikumpotosha kamwe. Abiria wote tulizijua. Mama mmoja wa dagaa akipiga kelele kutoka nyuma kuuliza kama mafuta yatatufikisha, Dereva alijibu bila kugeuka kwamba tumeshaiacha Furaha lakini Ee Mungu bado, na watu wakaendelea kusinzia kwa amani.

Herufi nne, basi. Lakini ndizo zilizomleta kwangu.

Miaka ile ya ngumbaru, sisi walimu tulifundisha watoto asubuhi na wazee wao jioni. Siku ya kwanza ya darasa langu niliuliza kama yupo anayejua herufi yoyote. Wote wakatazama miguu. Dereva akasimama, akachukua chaki mkononi mwangu bila kuomba, akachora ubaoni nusu duara mbili. Kwenye moja akaweka E na F, kwenye nyingine C na H, kisha akatia na mishale. Akaniambia hizi nne anazo, nimwongezee zilizobaki. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, akarudi kukaa akasubiri aongezewe.

Baadaye sana, njiani, alinieleza kwa nini alikuja. Aliwahi kusafiri hadi mji mmoja kwa shida yake ya leseni, akafika ofisini, akakuta mlango umefungwa na kibao kimetundikwa. Akakaa kwenye ngazi. Watu walipita wakimtazama, wengine wakatabasamu, naye akawarudishia tabasamu akidhani ni ukarimu wa watu wa pale. Jua lilipozama ndipo mfagizi akamwambia kwamba kibao kinasema wamefunga, ni sikukuu. Aliniambia, "Mwalimu, njaa ya siku ile niliisahau. Zile tabasamu sijazisahau." Tangu hapo aliapa kwamba kitu chochote atakachokiendesha, atakachokikalia au atakachokisimamia mbele yake, lazima awe anaweza kukisoma. Na kwa wakati ule kitu pekee duniani alichoweza kukisoma chote, mwanzo hadi mwisho, kilikuwa dashibodi ya Sanduku.

Darasani alinitia aibu kwa heshima yake. Mimi nilikuwa binti mdogo kwake, ningeweza kuwa mwanawe wa kwanza, na nje nilimwamkia shikamoo kama ipasavyo. Lakini akishavuka kizingiti cha darasa alivua kofia na kuniamkia yeye. Nilikataa. Nilimwambia ananitafutia laana. Akajibu kwamba haniamkii mimi, anaiamkia chaki, na kama chaki haijui kuitikia basi niiitikie kwa niaba yake. Tukibishana hivyo, darasa linasubiri. Mwishowe nikawa naitikia haraka haraka, kwa sauti ya chini, nikitazama dirishani nisionekane.

Hakuwa mwanafunzi mzuri, nisimsifie uongo. Alikuwa safarini kuliko darasani. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa zilizolala upande kama zinashuka mlima kwa breki mbovu. Vitabu hakuvipenda, alisema kitabu hakitembei. Alipenda mabango, vibao vya barabarani, maandishi ya magunia. Tukiwa njiani alisoma kila kitu kwa sauti, hata kile ambacho abiria wa nyuma wangependa kisisomwe, kama vile maneno waliyoyaandika vijana kwenye ukuta wa choo cha stendi ya Kahama. Alikuwa anaonya watu wasichelewe safari, na dakika zake zikitimia aliondoka akawaacha bila huruma. Halafu huyo huyo, akiona kundi la ng'ombe wazuri kando ya barabara, alisimamisha gari, akashuka, akaenda kuwaangalia pembe na nundu, akaongea Kisukuma na mchungaji mpaka sisi tuliowahi tukajuta kuwahi. Ukimlalamikia alisema ng'ombe hawachelewi popote.

Geji ya mwendo nayo ilikuwa na vituko vyake. Ilikuwa ya maili, na nchi ilishahamia kilomita. Trafiki mmoja alimsimamisha akamwambia ageuze geji iende na wakati. Dereva akamweleza kwamba maili ni babu na kilomita ni mjukuu, na mjukuu akienda mbio babu yuko nyuma yake anamwona, kwa hiyo wote wanajuana. Trafiki akamruhusu aende. Nadhani alichoka tu.

Ndani ya geji hiyo kulikuwa na tarakimu ndogo zinazohesabu safari. Siku moja, tukiwa katika mbuga ya pamba baada ya Kahama, akapunguza mwendo, akasimama, akatuita wote tushuke tuje dirishani. Tarakimu zilikuwa zimebaki tisa tupu, mstari mzima. Akawaomba wanaume wasukume, polepole, asije akakosa kuona. Wakasukuma. Tisa zikaanza kupinduka moja baada ya nyingine mpaka zikawa sifuri zote, na mama wa dagaa wakapiga vigelegele. Dereva alifuta macho. Akasema gari limezaliwa upya, na kuanzia leo asisikie mtu analiita zee. Jioni ile, tulipofika Kharumwa, alichinja jogoo na tukala sote pamoja.

Sasa niseme habari za Fundi, maana bila Fundi Dereva hajakamilika. Alikuwa mtu wa mjini, mswahili, babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akahamia kwanza Tabora. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu, na mdomo ulikuwa wa dhahabu zaidi. Ndoto yake ilikuwa kung'oa dashibodi ya Sanduku na kuweka ya kwake, ya bati lililong'arishwa, yenye geji nyingi kama za ndege. Alizikusanya kutoka magari mabovu kila kona, akazipanga dukani kwake kwenye rafu kama vikombe vya harusi. Kila Dereva alipopeleka gari, Fundi alizitoa akazipangusa mbele yake. Dereva alizitazama, akazisifu, akakataa. Wakanywa kahawa wakaagana. Urafiki wao wote ulikuwa huo.

Basi ikaja ile miaka ya shida, sabuni hakuna, sukari ya foleni, na spea ndiyo usiulize. Geji ya maji ya Sanduku ikafa. Mshale ulilala kwenye C ukagoma kuamka, hata rejeta ikichemka namna gani. Dereva akaendesha kwa masikio na pua, lakini gari lilikuwa limechoka, na kila mlima ulikuwa kamari. Injini ikiungua, kwa wakati ule, ilikuwa haipatikani nyingine. Hapo angepoteza gari, na kina mama wa dagaa wangepoteza njia ya sokoni. Mkewe akamsihi. Kina mama wakamsihi. Akatafuta geji kama ile ile mpaka Mwanza, akakosa. Mwishowe akaenda kwa Fundi kama mtu anayepeleka mtoto kutahiriwa.

Fundi alikuwa na geji nzuri, karibu mpya, ya kutoka kwenye lori bovu la Wataliano waliokuwa wakijenga barabara. Akaifunga. Nilikuwepo, maana siku ile nilikuwa nasafiri naye, na safari hii nilikuwa naenda hadi Geita. Dereva akainama akaisoma. Upande mmoja palikuwa na F, upande wa pili C.

"Fundi," akasema, "hapa naona Furaha, na hapa naona Chapa mwendo. Hatari umeipeleka wapi?"

"Hatari nimekuondolea," Fundi akamjibu.

Tulicheka hadi tukashika mbavu, hata Dereva. Na tukaondoka.

Mshale ulianza kwenye F. Kadiri tulivyokwenda ukawa unaiacha F na kusogea C. Yeye alisoma kwa sauti kama kawaida yake: Furaha inapungua, Chapa mwendo inakuja. Tulipopita Kharumwa kuelekea Geita, barabara ikaanza kupanda, na mshale ukalala kabisa kwenye C. Mimi nikasikia harufu. Nikamwambia Dereva, kuna kitu kinanuka. Akasema hata yeye anakisikia. Nikamwona anatega sikio, nikamwona anatazama geji, tena anatega sikio. Miaka yote kabla ya hapo pua ingetosha, angesimama. Lakini mtu huyu alikuwa amekaa jioni kwa jioni kwenye dawati la watoto akifundishwa kwamba kilichoandikwa ndicho. Akakanyaga mafuta. Akachapa mwendo.

Injini ililia mara moja kwa sauti nisiyopenda kuikumbuka, mvuke ukatoka kila tundu, na Sanduku likasimama. Kina mama wakashuka na vikapu vyao. Kofia ya injini ilipofunguliwa hata mimi nisiyejua kitu nilielewa kwamba hapa ni msiba.

Wakati tunangoja msaada akapita Mtaliano mmoja wa ile kambi ya barabara, na Landrova. Akachungulia, akapiga mluzi, akatuuliza kwa Kiswahili chake cha kokoto kwa nini tuliendelea na mshale uko kwenye moto. Dereva akamwonyesha C. Yule bwana akaeleza, bila dharau, kwamba kwa lugha ya kwao C ni moto, na F ndiyo baridi. Akatoa maji ya kunywa, akawachukua mama wajawazito wawili, akaenda zake.

Dereva akakaa kwenye jiwe. Nilikwenda nikakaa karibu naye, maana mimi ndiye niliyemfundisha kuamini kilichoandikwa.

"Mwalimu," akasema, "kumbe herufi nazo zina makabila."

Nilijua anachokiona: anaziona zile ngazi za ofisi na watu wanapita wakitabasamu. Nikamwambia hata mimi nisingejua. Akasema hilo ndilo linalomtisha zaidi.

Wasukuma wa kijiji cha jirani walikuja na ng'ombe wao, jozi kwa jozi, wakalifunga Sanduku minyororo wakalivuta hadi Kharumwa. Dereva alitembea pembeni mwa ng'ombe njia nzima. Kabla hatujafika alikuwa ameshamsifia mwenye jozi ya mbele, na kumkosoa wa nyuma kwa kuwalisha vibaya. Nikajua atapona.

Gari lilikaa pale majira mazima likiwa na kuku ndani. Fundi alikuja mwenyewe kutoka Shinyanga, hakuitwa. Nasikia walikaa siku ya kwanza bila kusemezana, na siku ya pili wakaanza kazi. Alinyoosha kichwa cha injini kwa kukisugua juu ya kioo na msasa, akachonga gasketi. Na kuhusu geji akafanya jambo ambalo nadhani lilikuwa ombi lake la msamaha: akafungua ile ya Mtaliano, akatoa matumbo yake, akayaingiza ndani ya uso wa ile geji ya zamani. Alikesha akiurekebisha mshale mpaka ukakubali kwenda upande unaotakiwa. Ikawa uso ni ule ule, na C na H zake, kioo cha njano, lakini ndani inafanya kazi. Dereva alipoona H akakigonga kile kioo kwa kidole, akasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, na Fundi ambaye Kisukuma hakukipenda akaitikia kwa Kisukuma hicho hicho.

Na darasani alirudi. Watu walidhani hatarudi. Alikuja akauliza kama ninazo herufi za Wataliano. Sikuwa nazo.

Miaka ikaenda. Mimi nikahamishwa Kahama, nikaolewa, tukapotezana. Nilisikia tu kwamba macho yake yameingia ukungu, kwamba siku moja alikaribia kugonga kundi la ng'ombe, akasimama, akashuka, akampa mkewe funguo, na hakuendesha tena. Kisha nikasikia ameliuza Sanduku kwa kijana mnunuzi wa dhahabu kule Geita, na yeye amehamia kwa bintiye huko huko.

Nilikwenda Geita mara moja miaka ile, wakati watu wamefurika kutoka kila mkoa kuchimba maduara ya dhahabu. Vumbi, redio, kila mtu ana nyundo. Nikamkuta Dereva sokoni, ameketi kwenye benchi nje ya duka la nguo, fimbo mkononi. Nikamwamkia. Akainua kichwa, macho yamekuwa meupe katikati, akaitikia, kisha akasema hiyo sauti ni ya ubaoni. Akanishika mkono akakataa kuuachia. Tuliongea hadi vivuli vikageuka. Mwisho akaniomba nimpeleke akalione Sanduku, linalala uani kwa yule kijana, karibu tu.

Kijana alikuwa mwema, alimwita Babu. Akatufungulia mlango. Nikatazama ndani. Dashibodi yote ilikuwa mpya, nyeusi, inang'aa, ina taa ndogo za kijani. Zile tatu hazikuwepo. Nikamgeukia kijana nikaanza kumsema kwa ukali, kama alivyozoea kusemwa na walimu wake, kwamba vitu vya mtu havitupwi hivyo. Dereva akanivuta kanga. Akasema mwenye kuendesha ndiye anayepaswa kusoma, na kijana huyu anasoma vyake.

Akapanda, akakaa kwenye usukani. Akanyoosha kidole polepole mpaka kikagusa kioo kimoja.

"Imeandikwa nini hapa, Mwalimu?"

Nikapanda upande wa pili, nikainama. "Hapajaandikwa kitu. Wameweka picha. Hiyo ni ya pampu ya petroli."

"Na ya maji?"

"Kipimajoto, kimesimama ndani ya mawimbi."

"Herufi hakuna kabisa?"

"Hakuna, Baba."

Kijana akasema kwa upole kwamba za siku hizi ndivyo zilivyo, hata asiyejua kusoma anazielewa. Nikamtazama Dereva. Nilikuwa natafuta maneno ya kumpoza, maana nilidhani yamemchoma. Yeye alikuwa anapapasa kioo, taratibu, anaitikia kwa kichwa.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri sana hizi." Halafu akanigeukia, akanitafuta kwa yale macho yake mpaka akanipata. "Lakini ningezikuta hizi, Mwalimu, wewe ningekujulia wapi?"

Nililia mle mle garini, mbele ya yule kijana, wala sikuona haya.